Jinsi ya kupika Pongal mpaka chungu kifurike

Kama unasoma au unaishi Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, katikati ya Januari usipange safari ya dharura. Tarehe 14 au 15 ndipo huanza mwezi wa Thai wa kalenda ya Kitamil, na siku hiyo ndiyo Thai Pongal, sikukuu ya mavuno ya kulishukuru jua. Wali mtamu wa maziwa unaopikwa siku hiyo nao huitwa Pongal. Mabasi ya kutoka Chennai, mji mkuu wa jimbo, hujaa pomoni, kila mtu anakimbilia kwao. Mimi nilikuwa mpangaji Coimbatore, na haya nimefundishwa na mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Amma.

Siku ya kutangulia ni Bhogi. Nyumba husafishwa mpaka uvunguni, na vikuukuu huchomwa alfajiri. Choma mikeka na mafagio yaliyochakaa, basi. Matairi na plastiki acha, moshi wake Chennai ni kero ya kila mwaka.

Siku yenyewe amka kabla ya jua. Fagia mbele ya mlango, nyunyiza maji, kisha chora kolam, yaani urembo wa sakafuni, kwa unga wa mchele. Unaushika unga kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, unauachia udondoke huku mkono unakwenda. Usisite, maana ukisita unarundikana. Anza na nukta zilizopangwa safu kwa safu, ndipo uzizungushie mistari. Sisimizi watakuja kuula. Waache, nao wana fungu lao.

Chungu kiwe kipya. Kama ni cha udongo, kiloweke usiku kucha kisipasuke motoni. Kipake manjano na kumkum, ule unga mwekundu, kwa nje, na shingoni ukifunge mche mbichi wa manjano pamoja na majani yake. Panga matofali matatu uani, mahali jua linapoonekana, na usimamishe miwa mizima pembeni. Saa ya kuinjika haibahatishwi: Amma aliitazama kwenye kalenda ya kuchana iliyotundikwa ukutani, inayoonyesha saa njema za kila siku.

Kwa kikombe kimoja cha mchele mpya, chukua robo kikombe ya choroko zilizoparazwa na kumenywa, uzikaange bila mafuta mpaka zinukie. Andaa pia sukari guru kikombe kimoja na nusu. Tia maziwa na maji chunguni mpaka karibu na mdomo. Ukitia nusu chungu hayatafurika, na kufurika ndiko watu walikokujia. Yakipanda na kumwagika, wote wanapaza sauti: "Pongalo Pongal!" Watoto wanagonga sahani kwa vijiko. Wazee wengine huangalia yamemwagikia upande gani, wakaagua mwaka utakavyokuwa.

Sasa punguza maziwa kidogo, tia mchele na choroko, koroga. Sukari guru isubiri mpaka punje ipondeke yenyewe ukiibana kwa vidole. Ikitangulia, mchele hugoma kuiva. Iyeyushe pembeni kwa maji kidogo na uichuje, kwani mara nyingi ina mchanga, kisha uimimine moto ukiwa mdogo sana. Malizia na iliki, na korosho na zabibu kavu zilizokaangwa kwa samli. Samli usiionee huruma. Amma alimimina mpaka ikatuama pembeni mwa chungu, na nilipofungua mdomo akanikata: "Koroga, usiongee."

Usionje. Jua linapewa kwanza, juu ya jani la mgomba, ndipo watu wale. Wanaokaa ghorofani wasio na uani hupika kwa gesi, hata kwa sufuria ya presha. Mimi sina neno nao, ilimradi maziwa yafurike kwanza.

Ukialikwa, vua viatu mlangoni na ule kwa mkono wa kulia. Ukishiba, likunje jani kuelekea kwako.

Kesho yake, Mattu Pongal, ni zamu ya ng'ombe: huogeshwa, pembe hupakwa rangi, na huvishwa mashada ya maua. Siku ya nne, Kaanum Pongal, ni ya kutembeleana. Ukiwa Madurai na unataka kuona jallikattu, ule mchezo wa kumdaka fahali nundu, nenda Avaniyapuram, Palamedu au Alanganallur. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku 2014, vijana wakajaa ufukwe wa Marina, Chennai, Januari 2017 kupinga, sheria ikarekebishwa na mchezo ukaruhusiwa tena. Fika mapema, na ukae nyuma ya uzio hata kama mwenyeji wako anaruka.