Jinsi ya kumchunguza anayetaka tiketi ya MCA kabla ya mchujo wa chama

Kuna wadi huku kwetu Pwani ya Kenya mtu akishapata tiketi ya chama chenye nguvu ya kuwania MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, amemaliza, Agosti anaenda kupigiwa muhuri tu. Kwa hivyo ukingoja mpaka uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 ndo uanze kuuliza huyu ametoka wapi na anataka kutufanyia nini, umechelewa. Mchujo uliopita wa uchaguzi mkuu, ile kura ya chama ya kuchagua mgombea wake, ulikuwa Aprili 2022 na mimi nilimpa mtu kura manake alikuja kwa matanga yetu akatoa hema na viti, basi, sikumuuliza kitu kingine, na mpaka leo maji tunanunua kwa madumu. Inaniuma.

Kwanza angalia uanachama wako mwenyewe. Ingia eCitizen, tafuta huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone umeandikishwa chama gani, manake 2021 Wakenya wengi walijikuta kwa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Sheria ilibadilishwa 2022, mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama walio kwa sajili ya chama, na kama chama chako kitatumia wajumbe basi wewe hupigi kura kabisa, jua mapema wajumbe wa wadi yako ni kina nani ukaongee nao.

Alafu historia yake. Kama ashakuwa MCA, usimwulize yeye, tafuta Hansard, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, kwenye tovuti ya bunge la kaunti, uone alileta hoja gani, mswada gani, aliuliza nini siku ya bajeti. Usipoipata andikia karani wa bunge barua, sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Kama ni mgeni kwa siasa uliza aliongoza nini. Huku kwetu mtu hakosi, alikuwa mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, au kamati ya maji, au bodi ya shule, au chama cha akina mama kilikuwa chini yake. Nenda kwa aliyekuwa mweka hazina umuulize pole pole, alipotoka aliacha vitabu viko vipi? Jibu la huyo mweka hazina kwangu linashinda mabango yote ya barabarani. Kesi za korti unaweza kusoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law, lakini hakikisha ni yeye na si mtu wa jina lake, na ukumbuke kushtakiwa si kupatikana na hatia, usije ukamchafulia mtu jina kwa grupu ya WhatsApp.

Sasa sera, na hapa ndo tunachezewa sana. MCA kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumchunga gavana na maafisa wake. Kaunti inashughulika na zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, uvuvi, barabara za kaunti. Polisi, sekondari, chuo kikuu, hizo ni za serikali kuu. Ata bursari, mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kuzitoa, kwa hivyo anayekuahidi bursari mwambie akueleze atapitia njia gani.

Kubwa zaidi ni hatimiliki. Kila msimu maskwota wanaambiwa "nipeni kura, title mtapata," na wazee wanaamini manake wamezaliwa hapo na babu zao wamezikwa hapo. Jamani, MCA hatoi hatimiliki, hiyo inatoka serikali kuu. Anachoweza ni kusukuma upimaji na mipango ya ardhi upande wa kaunti, kuleta hoja, kufuatana na nyinyi mpaka kwa Tume ya Ardhi. Akikwambia hivyo, huyo anajua kazi. Akisema "title kwa miezi sita," mwulize kwa sheria gani, na mwulize mbele ya watu.

Swali lingine ninalolipenda: ahadi yako iko ukurasa gani wa CIDP, ule mpango wa kaunti wa miaka mitano? Uliopo ni wa 2023 mpaka 2027, na anayeomba kura sasa ndo atakuwa bungeni ule unaofuata ukipitishwa, kwa hivyo aseme anataka nini kiingizwe, kijiji gani, barabara ipi. Mrekodi kwa simu akijibu, kila mtu akiona.

Pesa na leso watakuja nazo usiku wa kuamkia mchujo. Siku yenyewe beba kitambulisho, nenda mapema, na jina likikosekana kwa orodha lalamika kwa kamati ya chama kwa maandishi siku hiyo hiyo, manake ukitaka kufika kwa Jopo la Mizozo ya Vyama utaulizwa kwanza kama ulijaribu kutatua ndani ya chama.