Kabla ya kulipia ukumbi: makaratasi ya ndoa yaanze

Harusi nyingi za mjini huanza na kikao. Kamati inaundwa, mwenyekiti na mweka hazina wanapatikana, kundi la WhatsApp linafunguliwa, kadi za michango zinasambazwa, na mwezi haujaisha ukumbi umeshalipiwa malipo ya awali. Ndoa yenyewe, ile inayotambuliwa na sheria, wanaachiwa maharusi, na kila mtu anaamini wameshaishughulikia. Kumbe mara nyingi bado. Kwa hiyo nawasihi wanaojiandaa: tarehe ya ukumbi ifuate makaratasi, isiyatangulie.

Kwa Tanzania Bara msingi ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. (Zanzibar ina utaratibu wake.) Sheria hiyo inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, iwe wanafungia bomani kwa Mkuu wa Wilaya, kanisani au msikitini. Taarifa hiyo inaeleza majina yenu, umri, makazi, wazazi wenu kama wako hai, kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, na kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au ya wake wengi. Kisha hutangazwa, ili mwenye pingamizi la haki ajitokeze mapema. Msajili Mkuu anaweza kuwaruhusu wenye sababu nzito wasitoe taarifa hiyo, lakini msipange harusi kwa kutegemea ruhusa ambayo hamjaishika mkononi.

Hapo kwenye mke mmoja au wake wengi, tulieni. Wengi hujaziwa na mtu mwingine, wakasaini bila kusoma. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, isipothibitishwa vinginevyo. Nyingine huchukuliwa kuwa ya mke mmoja, na mume wa ndoa hiyo hawezi kufunga nyingine na mtu mwingine wakati ya kwanza ipo. Na mwanaume anayeoa mke wa pili ajue kwamba mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano akiona kipato cha mume ni kidogo kiasi kwamba familia itapata taabu. Hayo mazungumzo yafanyike nyumbani, wawili mkiwa peke yenu, kabla ya kufika kwa msajili.

Aliyeachana na mwenzi wake aje na hati ya talaka ya mahakama. Kutengana miaka kumi, au wazee kukaa wakakubaliana, hakuvunji ndoa mbele ya sheria. Mjane au mgane aje na cheti cha kifo. Kama mmoja wenu ni raia wa nje, ulizeni mapema kuhusu uthibitisho kwamba hana ndoa kwao, maana karatasi hiyo hutoka kwenye nchi yake na hucheleweshwa kuliko zote.

Kuhusu umri: sheria ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Binti ambaye hajafikisha 18 asiwekewe kikao cha harusi, awe amemaliza shule au la. Na hata mwenye miaka thelathini, ridhaa yake mwenyewe ndiyo inayofanya iwe ndoa. Mahari haiwezi kuchukua nafasi yake. Kinyume chake, deni la mahari haliifanyi ndoa kuwa batili, ingawa nawashauri mlimalize na wakwe kwa heshima. Shangazi aliyesimamishwa mlangoni siku ya harusi akidai blanketi la bibi halijaletwa anaweza kuwachelewesha saa nzima.

Muulizeni anayewafungisha kama ana leseni ya kufungisha ndoa. Swali hili halina utovu wa adabu, hasa kwenye makanisa madogo yaliyoanzishwa karibuni. Wakatoliki waanze mapema zaidi: kuna mafundisho ya ndoa, matangazo ya Jumapili tatu, na cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia ulikobatizwa. Kama ulibatizwa Kibondo na unaishi Dar es Salaam, hiyo ni safari au ndugu wa kutumwa. Waislamu wahakikishe walii, yaani anayemwozesha bibi harusi, amepatikana, au amemkasimu mtu, na mashahidi wawili wanajulikana. Kwa ndoa yoyote sheria inataka mashahidi wasiopungua wawili, basi wasimamizi wenu waje na vitambulisho.

Majina ndiyo yanayowatesa watu baadaye. Linganisheni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na hati ya kusafiria. "Mwanaidi" huku na "Mwanahidi" kule ni jambo dogo leo, lakini siku ya kumwingiza mwenzi kwenye bima ya afya, kuomba viza, au kufungua mirathi, linageuka kizingiti. Rekebisheni kabla ya ndoa.

Kamati nayo itumie pesa iliyoingia, isitumie ahadi. Mtu aliyeahidi laki mbili anaweza kutoa hamsini, au asitoe, na hana kosa. Mpambaji, mshereheshaji na wa chakula wapewe makubaliano ya maandishi, yenye saa ya kufika na kinachorudishwa sherehe ikiahirishwa. Mkifunga turubai mtaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue mapema, na majirani pia.

Wanaofunga ndoa ya kimila wana kazi moja ya ziada: kuomba isajiliwe ndani ya siku 30 baada ya ndoa. Wengine wote, mkishasaini, msikimbilie gari la kwenda kupiga picha. Someni cheti pale pale mezani, jina kwa jina, tarehe, sahihi za mashahidi, aina ya ndoa. Kosa likionekana mfungishaji akiwa bado ameshika kalamu, hurekebishwa kwa dakika chache.