Kabla Hujalipia STI: Namna Ninavyoikagua Subaru Iliyotumika

Hapa Mombasa mtu akiniambia anatafuta gari la spoti, nikimuuliza lipi, mara nyingi jibu huwa moja: Impreza WRX STI. Sishangai. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda tena mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru alikuwa ameshawafanya Wakenya waione Subaru kama gari lao wenyewe. Ninachosikitikia ni kwamba mnunuzi hunijia akiwa ameshaweka amana, ndipo aniombe nimtazamie. Mimi ni fundi wa injini. Ninayoandika hapa ni yale ningependa uyafanye kabla shilingi haijatoka mfukoni.

STI huuawa na mikono iliyoiendesha kuliko inavyouawa na umri. Iliyotembea kilomita 180,000 huku ikibadilishwa oili kwa wakati, mimi naichagua mbele ya yenye 90,000 iliyoongezwa presha ya turbo bila kupimwa. Kwa hiyo ukaguzi wote huu unatafuta kitu kimoja: mwenye gari aliitendea vipi injini.

Anza kwa kuhakikisha ni STI kweli. WRX ya kawaida huvishwa nembo ya rangi ya waridi, bawa la nyuma na rimu za dhahabu, ikauzwa kwa bei ya STI. Tundu la boneti si ushahidi, WRX nayo inalo. Fungua boneti usome nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kwa zile za Japani za miaka ya 2000 hadi 2007, GDA ni WRX na GDB ndiyo STI. Zilizofuata, GRB ni STI ya milango mitano na GVB ni ya buti. Ukikuta GRF au GVF, hiyo ni A-Line: injini ya lita 2.5 na gia otomatiki. Si gari baya, na kwa anayevuka daraja la Nyali kila jioni huenda ndiyo inayomfaa, ila usiuziwe kwa bei ya ile ya gia sita za mkono. VAB ni STI za kuanzia 2014 hadi 2019.

Kuna watu huitambua kwa mngurumo. Usiutegemee. Ule mngurumo wa kudundadunda hutokana na mabomba ya ekzosti yasiyolingana urefu, na STI nyingi za soko la Japani za kuanzia karibu 2003 zina turbo ya njia mbili yenye mabomba yanayokaribia kulingana, hivyo sauti yake ni laini zaidi. Yenye kelele sana huenda ni WRX, au ni STI iliyofunguliwa na kuwekwa mabomba mengine. Swali hapo liwe: nani aliyafunga, na baada ya kuyafunga alipima mchanganyiko wa hewa na mafuta?

Karatasi zinahitaji subira. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo dalali akikwambia GDB imeshuka melini mwezi uliopita, huo ni uongo na hupaswi kuendelea kumsikiliza. Nambari ya usajili inaonyesha lilisajiliwa lini hapa, haionyeshi limetengenezwa lini. Ingia eCitizen kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ulipie nakala ya kumbukumbu za gari, kisha linganisha jina la mmiliki, nambari ya chesisi na nambari ya injini na unavyoviona kwa macho yako. Injini ikiwa tofauti, maana yake ilibadilishwa na haikusajiliwa. Kubadilishwa injini si dhambi kwenye gari hizi, lakini lazima ujue iliyotoka ilikufa kwa nini, maana kilichoiua huenda bado kipo ndani ya gari. Tazama pia kama kuna benki au sacco inayolidai.

Ikiwa muuzaji bado ana karatasi ya mnada ya Japani, iombe. Gredi R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Soma kilomita zilizoandikwa pale, halafu tazama dashibodi. Nimeona zaidi ya mara moja gari ambalo dashibodi yake inasoma kilomita chache kuliko siku lilipouzwa Japani.

Sasa gari lenyewe. Nenda asubuhi mapema, na umwambie muuzaji jana yake asiliwashe kabisa. Ukifika, kabla ya salamu kuisha weka kiganja juu ya boneti, kisha kwenye bomba la juu la radieta. Likiwa na joto, kuna kitu hataki ukisikie, na mimi hapo huahirisha hadi siku nyingine. Injini hizi za boksa, yaani zenye silinda zilizolala ubavuni, zikiwa baridi mara nyingi hutoa mlio mwepesi wa pistoni kugonga, tak-tak-tak, unaotoweka zikipata joto. Huo hauniogopeshi. Ninaouogopa ni mlio mzito wa kugonga wa chini unaokuja oili ikishapata moto: panda taratibu hadi mizunguko 2,500 au 3,000, achilia mafuta, usikilize sauti inaposhuka. Ukisikia du-du-du kutoka tumboni mwa injini, ni beringi za koni rodi. Shukuru uende zako, hata bei ikishushwa nusu.

Moshi utazame ukiwa nyuma ya gari, na mwingine ndani akanyage mafuta. Acha injini ingurume yenyewe dakika kadhaa, kisha akanyage ghafla. Wa buluu ni oili inaungua, kwenye turbo, sili za vali au ringi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radieta yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi hapo kuna mtu aliyecheza na kompyuta ya injini.

Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa chini, mwenyewe hakuwa akikitazama, nazo injini hizi hunywa oili kiasi zinapokimbizwa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uipeleke juani. Ukiona vipunje vinavyometameta kama dhahabu au fedha, ni chuma cha beringi hicho. Kisha uliza habari za taimingi belti. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, pamoja na rola zake, tenshona na pampu ya maji, kwa kuwa pampu huzungushwa na belti hiyo hiyo. Ikikatika, vali hugongana na pistoni. Muuzaji asiye na risiti, hesabu kwamba belti haijabadilishwa na uondoe gharama hiyo kwenye bei.

Kipimo ambacho sikubali kukiruka ni cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuijenga. Wauzaji hukichukia kwa sababu plagi za boksa zimelala ubavuni, na kuzifikia lazima utoe betri, boksi la hewa na vinginevyo. Kazi hiyo mlipe fundi wewe mwenyewe, ili muuzaji asiwe na kisingizio. Injini iwe na joto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imechomolewa, koili zimetolewa soketi, betri ina nguvu, na mtu ndani amekanyaga mafuta mpaka chini. Kila silinda izungushwe kwa stata kwa muda uleule, mpaka sindano ya geji isipande tena. Andika nambari hizo papo hapo, usizihifadhi kichwani.

Hapa Mombasa, usawa wa bahari, injini ya turbo ya aina hii iliyo nzima naitarajia ifike 140 psi au zaidi. Lakini kinachonihusu zaidi ni silinda zote nne kukaribiana. Moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, sinunui. Na hapa wengi hubabaika: gari likipimwa Nairobi, geji itasoma chini. Nairobi iko juu takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ileile ya 140 itasoma kama 115 kule. Mteja mmoja alitaka kuliacha gari zuri la Nairobi kwa sababu nambari zilikuwa 115, 116, 114 na 115. Nilimwambia alilipie siku hiyohiyo. Lingekuwa 140, 141, 139 na 110 ningemwambia akimbie, ijapokuwa nambari zake kubwa ni nzuri zaidi.

Kwenye zile za lita 2.5 elekeza macho silinda ya 4, iliyo nyuma upande wa abiria kwa gari zetu za usukani wa kulia. Hiyo ndiyo yenye sifa mbaya ya kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi. Pistoni za kiwandani haziwezi kuvumilia mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, na hapo ndipo petroli yetu inapoingia. STI ya Japani ilipangiliwa kwa petroli ya kule ya oktani 100, ambayo hupati kwenye pampu za kawaida hapa. Mwenye gari mwangalifu huwa ameipangilia upya kompyuta kwa petroli anayotumia, au angalau hununua ile ya daraja la juu na haikimbizi jua kali. Muulize anajaza wapi na anajaza nini. Jibu la haraka lisilo na kusita ni dalili njema.

Maji sasa. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha radieta. Usikute utando wa mafuta juu ya maji. Baada ya safari, tazama tanki dogo la akiba: viputo vinavyopanda bila kukoma ni gasi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi. Liache gari liwake limesimama juani robo saa, kiyoyozi kikifanya kazi. Sindano ya joto isicheze.

Bodi nitaipitia kwa kifupi, maana fundi wa bodi atakuonyesha vizuri kunishinda. Ila kwa magari yaliyokaa Pwani, chumvi ya bahari hula kwanza mahali usipopaona: toa zulia la buti utazame pale shokabzoba za nyuma zinapofungwa, pitisha kidole ndani ya ukingo wa matao ya magurudumu ya nyuma, kisha lala chini ya gari na tochi. Ukikuta matundu yaliyozibwa kwenye sakafu ya ndani, au alama za kuchomelea kandokando ya nguzo za milango, gari hilo liliwahi kufungwa kizimba cha mabomba kwa mashindano. Sina ubaya na gari la mashindano, mradi muuzaji aseme mwenyewe.

Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika karibu sawa. Gari huendeshwa na magurudumu yote, na tairi mpya mbili zikichanganywa na kuukuu mbili, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi mchana kutwa bila kupumzika.

Kwa kuliendesha mimi hutoka Miritini nikapanda Mazeras kuelekea Mariakani. Mlima ule unatosha kuionyesha klachi: gia ya nne, mwendo wa kawaida, kanyaga mafuta, mizunguko ikipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Turbo iingie kwa mfululizo, bila kukatakata. Gia zipande na zishuke bila kusaga, hasa ya tatu. Breki za Brembo zisitetemeshe usukani. Mkirudi, tafuta uwanja tambarare, kata usukani mpaka mwisho na uende polepole kwenye duara. Kwenye STI yenye kigurudumu cha kurekebisha difu karibu na breki ya mkono, kishushe kwanza kwenye hali ya kuachia, maana ikiwa imefungwa gari lazima litakaza. Likirukaruka likiwa limeachiwa, difu ya katikati ina ugonjwa.

Ukiridhika, usilipe zote kwa neno la mdomo. Kaeni pamoja, muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake, wewe uukubali kwenye yako, na pesa zipite benki huku ombi likionekana kwenye simu zote mbili. Andikeni mapatano yenye nambari ya chesisi, nambari ya injini na kilomita za siku hiyo, na kila mmoja atie sahihi. Na katika bajeti yako bakisha pesa za oili na filta, plagi mpya, taimingi belti kama haina risiti, na maji mapya ya radieta. Hivyo vifanyike wiki ya kwanza, kabla hujalipeleka popote kulikimbiza.