Kle, mega na kode: namna ya kulinda ordinateri ya nyumba

Bandugu, hapa Lubumbashi batu bengi banaogopaka virisi ya intaneti, lakini kle USB banaichomeka fasi yote, ku sekreteriati, ku kazi, kwa jirani, kiisha banairudisha mu mashini ya nyumba bila hata kuangalia. Mudogo wangu alipelekaka TFE yake (kazi ya kumaliza masomo) ku sekreteriati moja juu ya ku-imprime, saa alirudi ma-dosie yote ya kle ilikuwa imegeuka rakursi, ile yenye kamushale kadogo, akaklike mara mbili na pale pale virisi ikaingia mu mashini ya baba. Alilia, akazania kazi ya mwaka muzima imepotea.

Haikupotea. Ile virisi inafichaka tu ma-dosie na kuweka rakursi fasi yake, na ni ile klike yako njo inaiamusha. Kama imekufikia usiguse mushale, andika cmd mu fasi ya kutafuta ya Windows, fungua, kiisha andika hii: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (fasi ya E utie herufi ya kle yako). Ma-dosie itaonekana tena. Kopia paka kazi yako, achana na fishie yoyote yenye kuisha na .lnk, .vbs ao .exe, kiisha formate kle na upitishe antivirisi mu mashini nzima.

Lakini muzuri zaidi ni kutofika pale. Geuza kazi yako PDF, tia ku kle moja ya zamani yenye haina kintu kingine, na ikirudi nyumba klike ya kuume, chagua kuianalize na Microsoft Defender mbele ya kuifungua. Ile Defender iko ndani ya Windows 10 na 11 tayari, ya bure, haina lazima ya kununua antivirisi ingine. Wengine banatumia WhatsApp Web ku mashini ya sekreteriati, kiisha banaenda bila kuifunga!! Mutu mwingine anabaki anasoma meseji zako. Fungua WhatsApp ku telefone, angalia apareyi zenye ziko konekte, utoshe ile haujue.

Sasa mega. Ninajua mega inauma mufuko, njo maana batu banafungaka ma-mize a jure yote, zile dawa mupya zenye Windows inashushaka ku intaneti. Ninawaomba sana, musifanye vile. Mu mwezi wa 3 mwaka 2017 Microsoft ilitosha dawa ya tundu moja ya Windows, mu mwezi wa 5 virisi moja, WannaCry, ikapita mule mule, ikafunga mafishie mu ma-ordinateri zaidi ya 200,000 mu inchi zaidi ya 150, na kulomba dola 300 kwa kila moja. Wenye walikuwa wametia ile dawa, ule mulango ulikuwa umefungwa kwao. Kwa hiyo weka wifi ya telefone kuwa "Connexion limitée" mu paramètres juu Windows isikule mega yako muchana, alafu mara moja ku juma, saa uko na forfe ya usiku ao wifi ya bure ya mutu unamwamini, ondoa ile "Connexion limitée" na uache Windows ishushe yote. Kama muko na mashini mbili mu nyumba ku wifi moja, kuko "Optimisation de la distribution", moja inashusha na kugawia ingine.

Windows 10 yenyewe Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14/10/2025, kama mashini yako haiwezi Windows 11, kuko Linux Mint, yenye inaingia fasi ya Windows, ni ya bure na inatembea muzuri ku mashini nyingi za zamani.

Na ule fundi mwenye anakuambia "zima antivirisi kwanza niweke Office", mukatalie. Ile kraki, programu yenye anatumia juu Office itembee bila kulipiwa, njo mulango wenyewe wa virisi, na LibreOffice inafungua fishie za Word bila kulipa kintu.

Kode: ya imeli isifanane na ya Facebook, na PIN ya M-Pesa ao Airtel Money usiiandike mu ordinateri hata kidogo. Mutu akikupigia kukulomba namba 6 zenye zimeingia ku SMS, kata, hata akijiita wa kampuni. Batoto ubafungulie konti yao yenye si ya administrateri, wakiklike kintu kibaya hakiendi mbali sana.

Kiisha kopia ma-foto na ma-karatasi ya nyumba ku diski ya inje. Usiiache imechomekwa, juu virisi kama WannaCry inafunga hata yenye iko pale. Kwetu ile kazi inafanyikaka siku ya posho mangaribi, ikiisha diski inarudi mu kabati ya mama.