Usiikate sadaka kwenye vipande vilivyobaki

Nashona nguo hapa Moshi, katika chumba cha kupanga chenye vyerehani viwili na ovaloki moja. Kila fundi anajua kwamba ukiingiza mkasi kabla ya kupanga kitambaa chote mezani, kola ndiyo inayokuja kukosa. Unaiunga kwa vipande, na mvaaji anakiona kiungo kila akisimama mbele ya kioo. Kwa miaka mingi sadaka yangu ilikuwa kola ya namna hiyo. Ilitangulia kodi, ikafuata ada, luku, mchango wa harusi, kisha Jumapili asubuhi nikapekua pochi kutafuta noti iliyosalia. Haya ni jinsi nilivyojifunza kupanga kabla ya kukata. Yapime kwa kazi yako.

Anza kwa kujua pesa ipi ni yako. Advansi si yako mpaka nguo imalizike, na pesa ya kitambaa ni ya kitambaa. Gauni la kipaimara nikilipwa 40,000, naondoa bitana, zipu, nyuzi, na sehemu ya umeme na kodi ya chumba. Ikibaki 22,000, fungu la kumi ni 2,200. Mkulima naye aondoe kwanza mbolea na vibarua. Mwajiriwa ana swali lake la kabla au baada ya makato: omba, chagua moja, kisha usiibadilishe kila mwezi mambo yakibana.

Lakini kabla ya fungu la kumi kuna ujira wa mtu, na hapa niliumia. Msimu mmoja wa sare za shule, binti aliyekuwa akinisaidia alinidai wiki mbili, jumla 42,000. Jumapili, baada ya ibada, kukawa na mnada wa mazao yaliyoletwa kama sadaka, kama ilivyo desturi yetu Walutheri. Nikapandishana bei na mama mwenzangu juu ya mkungu wa ndizi mpaka nikauchukua kwa 45,000. Watu wakapiga makofi. Yule binti alikuwa amesimama nyuma ya umati. Kesho yake alikuja kazini kwa miguu, kwa sababu hakuwa na nauli, wala hakuniambia neno. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na zile kelele nilizisikia siku nzima katikati ya mlio wa cherehani. Nilimlipa jioni ile nikamwomba radhi. Tangu hapo Ijumaa ni ya mshahara wa msaidizi, Jumamosi ni ya kutenga sadaka, wala hazibadilishani nafasi. Mwenye deni lililofika siku yake alilipe pia, na asikope ili atoe.

Desturi hii ya kutenga sikuibuni mimi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, “kwa kadiri ya kufanikiwa kwake”. Angalia neno “kwake”: nyumbani, kwa utulivu, kabla mtu hajasimama mbele na kipaza sauti. Mimi nafunga mlango saa kumi na moja, nafungua daftari la oda, najumlisha faida ya wiki, na fungu linaingia kwenye kibubu cha mbao chini ya meza ya kukatia. Kama mauzo yako yanapitia kwenye simu, tafuta laini ya pili ya kazi hiyo tu, maana pesa iliyochanganyika na ya mboga italiwa na mboga.

Kutoka kwenye kibubu, sehemu kubwa inaingia kwenye bahasha yangu ya usharika. Ninayozidisha juu ya fungu la kumi naigawa kwa watu. Kumbukumbu la Torati 14 linataja zaka ya mwaka wa tatu ambayo Mlawi, mgeni, yatima na mjane walikula wakashiba, kwa hiyo nauliza nani hapa mtaani hajashiba. Ukimtumia mtu kwa simu, weka na ya kutolea, asije akatoa pesa yake ili apokee msaada wako. Kwa watoto nimeona bora kushona kuliko kugawa noti. Mzee wa kanisa ananiletea vipimo vya mtoto bila jina, nashona sare, naandika risiti yenye neno “Imelipwa”, na mama wa mtoto anakuja kuichukua akiwa na risiti mkononi kama mteja mwingine yeyote. Wanaokaa kwenye benchi wakisubiri nguo zao hawajui lolote.

Kipato kikipanda, kazi inakuwa ngumu zaidi. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alisimulia habari za kijana wa Oxford aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60, akaishi kwa 28 zilezile akatoa 32. Mimi sijafika huko, na watoto wanaongeza gharama kweli. Ila kila Januari naandika nyuma ya daftari kiasi kinachotutosha nyumbani kwa mwezi. Kipato kikizidi hapo, naigawa ziada kabla sijaanza kuona sofa yetu imechakaa. Yesu anasema katika Luka 16:9 tujifanyie rafiki kwa mali hii, ili itakapokosekana watukaribishe katika makao ya milele. Nikisoma hapo nawaza nyuso, na sofa haina uso.

Anayekuambia utume pesa upate muujiza, usimtumie. Hiyo ni biashara, na anayepoteza ndani yake huwa ni maskini. Kanisani kwako uliza taarifa ya mapato na matumizi bila kuona aibu, na sadaka isihesabiwe na mtu mmoja peke yake.

Masika oda hukauka. Wiki iliyopita faida yangu ilikuwa 9,000, nikatenga 900, na moyo ukatulia kwa neno la 2 Wakorintho 8:12 kwamba nia hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Miezi hiyo natoa mikono. Jumatano mchana wajane wa jumuiya yetu wanaleta nguo zilizochanika, nami nazirekebisha bure. Vifungo nanunua kwa pesa ya kibubu, dazeni nzima za rangi moja, kwa sababu shati lenye vifungo vya rangi tatu linamtangaza mvaaji wake kila anakopita.