Tengeneza maji ya ziwa la barafu kwa unga wa kaunta

Mama mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, alinitumia picha kwa simu: ziwa katikati ya milima, maji yake rangi ya feruzi, yameiva kama jiwe la pete. Chini yake ameandika, "Fundi, granaiti ya rangi hii utanipatia?" Ziwa lenyewe ni Moraine, katika hifadhi ya Banff huko Kanada. Mie nakata na kung'arisha mawe ya kaunta za jikoni, na jiwe la rangi ile sijapata kuliona. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye nafanya naye kazi, akachungulia simu akacheka. "Ami, hiyo filta tu."

Si filta. Kinachofanya maji yale yawe vile ni kitu ambacho sisi wawili tunakifagia kila jioni karakanani: ule uji wa kijivu unaotiririka kutoka chini ya mashine. Basi nikaamua kumwonyesha, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza ujue unachoiga. Barafuto ni ile barafu kubwa ya mlimani inayotambaa kwa uzito wake. Barafu yenyewe ni laini, haina ubavu wa kusaga mwamba. Kazi inafanywa na mawe yaliyonasa chini yake, kama vile kazi yangu inavyofanywa na chembe za almasi zilizonasa kwenye pedi ya kung'arishia. Mimi huanza na pedi namba 50, nikapanda 100, 200, 400, 800, mpaka 3000. Kila namba ikipanda, unga unaotoka huwa laini zaidi, mpaka ukiusugua kwa vidole husikii kitu. Mlimani maji ya kuyeyuka huosha unga wa namna hiyo na kuushusha ziwani. Huitwa unga wa mwamba.

Nenda kwa fundi yeyote wa kaunta umwombe kikombe cha uji wakati yuko kwenye pedi ya 800 kwenda juu. Uji, si vumbi. Vumbi kavu la granaiti lina silika na silika huharibu mapafu moja kwa moja. Fundi anayekata jiwe kavukavu mkimbie, hata kama bei yake nzuri. Mwulize pia kama pedi ni mpya. Pedi mpya nyekundu hutoa rangi, utapata maji ya waridi ukadhani umegundua jambo. Na uji wa sakafu ya terazo usiutumie, una saruji ndani na saruji hufanya chembe zishikamane.

Sasa maji. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilichota ya kisima, na visima vyetu Kisauni mwajua vilivyo, chumvi tupu. Nikakoroga unga, nikaenda kuswali adhuhuri, narudi naukuta wote umekaa chini, juu maji maangavu. Chumvi huzifanya chembe ndogo zigandane mafungu mafungu, na fungu lina uzito, linazama. Tumia maji matamu, ya mvua yakipatikana ndiyo bora.

Tia kijiko kimoja cha uji kwenye chupa kubwa ya kioo, tikisa, iache isiguswe. Chembe ya maikromita 10 huchukua kama dakika 20 kushuka sentimita 10. Ya maikromita 1 hushuka sentimita 8 hivi kwa siku nzima. (Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 70 hivi, upate kulinganisha.) Na hapa kwetu maji yana joto. Kwenye ziwa la barafu maji ni baridi, ni mazito, kwa hiyo chembe huzama kwa mwendo unaokaribia nusu tu ya huo, na upepo unazikoroga tena. Ndiyo maana unga hauishi kuelea.

Baada ya siku mbili, vuta maji ya juu kwa mpira mwembamba uyatie kwenye glasi safi. Ngoja giza. Weka kitambaa cheusi nyuma ya glasi, sisi tulitumia buibui kuukuu, kisha umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Maji yatatoa ung'avu wa ukungu, wenye rangi ya samawati kwa mbali. Tazama tochi yenyewe kupitia glasi, utaona mwanga umeelekea manjano. Usipoona, unga wako bado mnene. Tia matone mawili ya maziwa kwenye glasi nyingine ya maji ulinganishe.

"Lakini si feruzi," akasema kijana. Kweli. Glasi ni fupi mno. Nusu ya pili ya kazi inafanywa na maji yenyewe, na maji yanataka urefu.

Kata paipu ya PVC ya inchi 4, urefu mita 3. Ziba ncha zote mbili kwa vioo vya duara ukitumia silikoni, uache ikauke siku nzima bila haraka. Toboa tundu katikati upande wa juu, lalisha paipu juu ya stuli mbili, ujaze maji matamu safi, yasiyo na unga hata chembe. Itakula mtungi wa lita 20 na ziada kidogo. Elekeza ncha moja kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua, chungulia ncha ya pili. Ukuta mweupe utauona umeingia samawati hafifu. Kijana alitoka akaenda kuutazama ukuta kwa macho, akarudi, akachungulia tena, kimya.

Mwanga wa jua una rangi zote, na maji huanza kumeza nyekundu, nyingi yake ndani ya mita chache tu. Ziwa lenye kina na lisilo na unga, mwanga huzama mbali mpaka kijani nacho kinapungua. Kinachorudi machoni ni kidogo, cha buluu nzito. Unga ukielea, chembe huurudisha mwanga mapema: nyekundu imeshaliwa, kijani kingalipo. Kijani na buluu zikirudi pamoja kwa wingi ndiyo feruzi. Unga ukizidi, mwanga hugeuzwa juujuu kabla maji hayajameza chochote, ukaona kijivu cha maziwa. Mito inayotoka mdomoni mwa barafuto iko hivyo hasa.

Utaniuliza, mbona mto Sabaki unajaza bahari ya Malindi tope na haiwi feruzi? Tope lile ni jekundu, lina kutu ya chuma, na kutu hula buluu. Na feruzi ya bahari yetu ndani ya mwamba wa matumbawe ni habari nyingine: pale maji ni safi, mchanga mweupe wa chini ndio unaorudisha mwanga. Chota ya Nyali kwenye glasi, ni angavu. Ya ziwa la barafu ina ukungu.

Ukimaliza, uji usiumwage kwenye sinki. Ukitua ndani ya bomba utamtafuta fundi mwingine. Umwage mchangani.

Yule mama nilimjibu kwamba unga wa ziwa lile ukikauka ni wa kijivu, na kijivu ninacho. Alichagua nyeupe.