Somo: Jinsi ya kuiba homurani ukutani kwenye MLB The Show

Kwenye MLB The Show, gemu ya video ya besiboli, kuiba homurani ni kudaka mpira uliokuwa unavuka ukuta wa uwanja, ukamnyima mpigaji homurani yake. Wengi wanaoukosa mpira huo wanafikiria kuruka tu. Kazi kubwa iko kabla ya hapo: mlinzi wako wa nje awe ameshafika ukutani na kutulia wakati mpira ungali juu.

Kwanza zima udakaji wa kiotomatiki kwenye mipangilio. Cheza na kompyuta, nje ya mtandao, na urushe mipira ya kasi katikati kabisa ya eneo la kupigia. Hiyo ndiyo inayopigwa mbali, hivyo hutangoja sana. Chagua uwanja wenye ukuta wa futi 8 au pungufu. Ukuta wa kushoto wa Fenway Park, uwanja wa Boston, una zaidi ya futi 37, huo achana nao.

Hatua ya 1. Mpira ukipigwa, usiutazame mpira. Tazama alama ya pale utakapoangukia, ukimbie moja kwa moja kuelekea ukuta kwenye mstari huo. Ukipinda njiani umechelewa.

Hatua ya 2. Ukikanyaga ule ukanda wa udongo ulio mbele ya ukuta, legeza stiki. Ukanda huo una upana wa kama mita 4 na nusu, na uliwekwa ili mlinzi ajue ukuta uko karibu hata kama macho yake yako angani. Kuanzia hapo sogea kwa kugusa stiki kidogo kidogo, kushoto au kulia, sambamba na ukuta. Ukiendelea kukimbia kwa kasi, mlinzi atajigonga ukutani, na akishajigonga hawezi tena kuruka kwa wakati.

Hatua ya 3. Bonyeza kitufe cha kuruka (R1 kwenye PlayStation, RB kwenye Xbox) mara moja tu. Hapa ndipo penye ugumu. Kamera iko mbali nyuma ya mpigaji, kwa hiyo mpira huonekana umefika kabla haujafika, na kidole kinawahi. Glovu inatakiwa iwe kileleni pale mpira unapopita ukingo wa juu wa ukuta. Ukiona mlinzi anatua ndipo mpira unapita, umewahi. Ukiona mpira unapita naye ndiyo kwanza anainuka, umechelewa. Rekebisha kosa moja kwa wakati.

Tahadhari: mpira utakaogonga ukuta usiurukie. Simama mita 3 au 4 kutoka ukutani, upokee unaporudi. Ukiruka ukaukosa, unadunda kukupita na mpigaji anafika besi ya tatu kwa raha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nje ya mtandao nadaka vizuri, mtandaoni nawahi au nachelewa kila mara. Shida nini?
Jibu: Ni ucheleweshaji. Washa hali ya gemu kwenye televisheni, tumia waya badala ya Wi-Fi, kisha bonyeza mapema kidogo kuliko ulivyozoea. Mtandao ukiyumba hakuna hesabu itakayokaa sawa.

Swali: Mlinzi wangu hafiki ukutani kabisa, hata nikiwahi.
Jibu: Angalia alama zake za kasi na za kuitikia mpira. Weka mwenye kasi zaidi katikati, ndiye mwenye eneo kubwa. Mzito mpeleke pembeni.

Swali: Mpira ukigonga mlinzi ukavuka ukuta bila kugusa chini, inahesabiwaje?
Jibu: Homurani. Ilimkuta José Canseco wa Texas Rangers tarehe 26 Mei 1993 huko Cleveland: mpira ulimdunda kichwani ukavuka.

Swali: Nikidaka na kuna mkimbiaji besi ya tatu, bado anaweza kufunga?
Jibu: Ndiyo, kama hiyo si auti ya tatu. Anaruhusiwa kuondoka mara tu mpira unapoguswa. Kwa hiyo chagua pa kurushia mlinzi akiwa bado anatua, na kwa umbali huo mrushie mpokezi wa kati, yaani mwenzako anayesimama njiani kuupokea na kuupeleka mbele. Ukirusha moja kwa moja hadi besi ya nyumbani, wakimbiaji wengine watasogea bure.